Mtego wa Fundi Kufuli

Mkunga alipostaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya wazazi, alilala siku tatu mfululizo. Siku ya nne aliamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa, akachemsha maji, kisha akakaa jikoni akitazama dirisha. Mumewe alimkuta hapo saa moja na nusu. Chai ilikuwa imepoa.

"Unangoja nini, mama watoto?"

"Sijui," alisema. "Nimezoea kila asubuhi kuna mtu anakuja."

Mumewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na duka dogo mjini, upana wake mlango mmoja na nusu, alimochonga funguo na kutengeneza kufuli, na watu walimwita Fundi Kufuli mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Jumapili ile alishinda nyuma ya nyumba na msumeno. Jioni alikuwa amekwisha kutengeneza kibanda cha kulishia ndege: kisahani cha mbao chenye kipaa juu yake, kimekaa juu ya bomba la chuma lililochimbiwa bustanini, hatua tatu kutoka dirisha la jikoni.

Mkunga akatia alizeti na mtama. Asubuhi ya pili walikuja shomoro wanne. Wiki haijaisha wakaja chiriku, na njiwa wawili wanene waliokula kama wageni wa harusi. Mkunga hakuwa mpenzi wa ndege kwa namna ya pekee, wala hakujali kujua majina yao. Alichopenda ni kwamba walifika kwa wakati.

Wiki ya tatu akaja kindi.

Alipanda bomba kana kwamba limewekwa kwa ajili yake, akakaa katikati ya kisahani, mkia umemfunika mgongo, akala alizeti moja baada ya nyingine huku maganda yakidondoka. Ndege walisubiri juu ya ua. Alipomaliza, kisahani kilikuwa kitupu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika, kwa hiyo aliporudi kesho yake na kesho kutwa walimtambua kuwa ni yeye yule.

"Mzuie asifike," Mkunga alimwambia mumewe. "Kazi yako si ndiyo hiyo, kuzuia watu wasiingie?"

Alisema kwa mzaha. Fundi hakulichukua kwa mzaha.

Kwanza alipaka bomba grisi. Kindi alipanda nusu, akateleza hadi chini, akapanda tena, akateleza tena. Jirani yao, aliyekuwa mgawa barua kabla hajastaafu na ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Posta, aliegemea ua akatazama mchezo wote.

"Fundi, huyo umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Atakurudia."

Alirudi kweli. Vumbi lilishika grisi, bomba likawa na ngozi kama ya mti, na kindi akapanda bila taabu. Aliyeteseka ni chiriku mmoja aliyejigusisha ubawa akashindwa kuruka. Mkunga alimwosha kwa sabuni kwenye beseni, akamkausha, akamwachia, kisha akasema grisi basi.

Bwana Posta akashauri pilipili. Ndege, alisema, hawasikii ukali wake, ila mnyama mwenye manyoya husikia. Fundi akachanganya pilipili ya unga na mbegu. Kindi alionja, akapangusa mdomo kwa mikono miwili, akaondoka. Lakini jioni hiyo Mkunga, aliyekwenda kuongeza mbegu, alijisugua jicho, akashinda saa nzima kichwa kikiwa chini ya bomba la maji. Pilipili nayo ikaishia hapo.

Fundi akaanza kufikiri sawasawa. Alikata bati, akalikunja mfano wa faneli iliyopinduliwa, akalivisha katikati ya bomba. Hilo lilimshinda kindi siku tisa. Siku ya kumi alirukia kisahani kutoka kwenye shuka lililoanikwa kambani. Fundi alitoa utepe wake akapima: mita mbili na nusu, na shuka lenyewe lilikuwa linapepea. Akahamisha kamba. Kindi akaja kwa njia ya paa la stoo ya vifaa iliyokuwa pembeni mwa bustani. Fundi akang'oa kibanda akakisogeza mbali na stoo, na sasa kikawa karibu na ua.

Ndipo alipofanya kazi aliyojivunia kuliko zote. Alichukua springi za kufuli kuukuu, akatengeneza kijisanduku chenye kifuniko kilichounganishwa na kijiti cha kutulia. Ndege akitua kwenye kijiti, kifuniko hubaki wazi. Akitua mzito kuliko ndege, springi hulegea na kifuniko hujifunga taratibu mbele ya pua yake. Alikipima kwa njiwa wale wanene ili wasije wakanyimwa haki yao. Kilikuwa kitu cha kupendeza. Mkunga alikifungua na kukifunga kwa kidole mara kadhaa, akacheka, na Fundi akatembea wiki mbili kifua mbele.

Siku ya kumi na tano kindi alijining'iniza kutoka kwenye kipaa kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, bila kugusa kijiti. Akala hivyo hivyo, kama popo.

"Mteja wako amechonga ufunguo," alisema Bwana Posta.

Bwana Posta hakuwa mtu wa kuweka neno. Miaka yote alikuwa amebeba barua za watu bila kuzifungua, na tangu astaafu alikuwa kama anafidia. Baada ya siku chache mwanamke mmoja aliyefika dukani kuchongesha ufunguo wa kabati alimuuliza Fundi, tena kwa adabu, kama ni kweli kuna kindi anayefungua kufuli zake. Fundi alitabasamu. Akamchongea ufunguo, akamkabidhi. Mwanamke alipoondoka, Fundi aligundua amekaza jiliwa la kubania funguo mpaka mkono umemuuma.

Wiki hiyo alitengeneza mtego. Ulikuwa kizimba cha waya chenye mlango wa kudondoka, na komeo yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba unyoya ungeweza kuifyatua. Mkunga aliukuta juu ya meza ya stoo.

"Hii ya nini?"

"Ya kumtoa kabisa."

"Mimi nilisema mzuie. Sikusema mhamishe."

"Tofauti yake nini?"

Mkunga alifikiri. "Mimi mwenyewe sijui," alisema. "Lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu tumekwisha mzoea."

Fundi akautundika mtego ukutani. Jumatano iliyofuata Mkunga alikwenda kushinda kwa binti yao. Saa tatu asubuhi, badala ya kufungua duka, Fundi aliutungua, akaweka ndani karanga tano, akakaa jikoni. Saa tatu na robo komeo ilifyatuka.

Kindi alizunguka kizimbani mara moja, mara mbili, kisha akatulia. Fundi alimfunika kwa gunia, akakifunga kizimba nyuma ya baiskeli, akaendesha hadi ng'ambo ya mto, kwenye kiwanda cha matofali kilichokwisha kufungwa. Ni mwendo wa kilomita saba. Alifungua mlango kando ya rundo la matofali mabovu. Kindi alitoka, akasimama, akamtazama, akaingia katika magugu. Fundi alirudi mjini akafungua duka saa tano unusu. Siku hiyo alifanya kazi huku akipiga mluzi.

Mkunga aliporudi jioni alikuta kibanda kimejaa ndege.

"Na yule?"

"Ameacha mwenyewe," Fundi alisema. "Labda amechoka."

Alhamisi ilipita hivyo hivyo, ndege wakishiba. Ijumaa Fundi alirudi mapema, na alikuwa stoo akinoa tupa zake aliposikia anaitwa. Mkunga alikuwa akianua nguo. Alikuwa amesimama kimya, shuka mkononi, uso ameuelekeza juu.

"Sikiliza."

Fundi alisikiliza. Kilikuwa kisauti chembamba, cha kukatikakatika, kutoka chini ya bati la paa la stoo. "Ndege," alisema.

"Si ndege. Hicho ni kilio cha mtoto aliyelia mpaka akachoka." Alikunja shuka mara moja, mara mbili, akaliweka kapuni. "Baba watoto, yule kindi yuko wapi?"

"Si nilikwambia ameacha mwenyewe?"

"Uliniambia. Sasa nakuuliza yuko wapi."

Fundi alitazama tupa aliyokuwa ameishika. "Kiwanda cha matofali."

"Lini?"

"Juzi. Ulipokwenda kwa binti yetu."

"Hukuona tumbo lake?"

"Niliona manyoya."

"Chuchu za anayenyonyesha huonekana. Manyoya yanakuwa yamenyonyoka kuzizunguka. Ukimwinua tu unaona."

"Sikuangalia," alisema Fundi. Miezi yote ile alikuwa akimwita kindi yule 'bwana mkubwa'. Haikuwahi kumpitikia kwamba angeweza kuwa jike.

"Hukuangalia," alirudia Mkunga. Hakupandisha sauti. "Lete ngazi."

Chini ya bati, pembeni mwa boriti, palikuwa na kiota cha magome, majani makavu na nyuzi za kitambaa cha jikoni ambacho Mkunga alidhani kimechukuliwa na upepo. Fundi aliwashusha watoto mmoja mmoja ndani ya kofia yake. Walikuwa wanne, manyoya mafupi, macho hayajafumbuka, kila mmoja wa kuenea kiganjani. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wawili walikuwa baridi, lakini Mkunga alipowaweka sikioni alisema moyo unapiga.

Toka hapo hakumwambia mumewe jambo lolote lisilohusu kazi. Alijaza chupa maji ya moto, akaiviringisha kwa taulo, akawalaza juu yake ndani ya sanduku la viatu. Fundi alileta maziwa kutoka kwenye friji; Mkunga akamrudisha nayo.

"Mtoto wa baridi halishwi. Kwanza apate joto."

Walipopata joto aliwapa maji yenye sukari na chumvi kidogo, tone moja moja, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Baadaye yakafuata maziwa ya mbuzi yaliyozimuliwa. Kila baada ya kuwalisha aliwasugua tumboni kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hawezi kukojoa mwenyewe mpaka asaidiwe. Mamaye hufanya hivyo kwa ulimi. Alifanya hayo yote bila haraka. Fundi, aliyemwoa miaka thelathini na saba iliyopita, hakuwahi kumwona akifanya kazi. Alisimama mlangoni kama mume anayesubiri nje ya wodi, asijue aweke wapi mikono.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Kuna kitu kimoja ambacho mimi siwezi kuwapa," Mkunga alisema bila kuinua kichwa. "Kalete."

Jumamosi Fundi hakufungua duka. Alikwenda kiwandani na kizimba na karanga, akakitega kando ya rundo lile lile, akakaa juu ya tofali. Kindi walikuwepo, tena wengi. Walipita juu ya kuta zilizobomoka wakifukuzana. Kila mmoja alifanana na mwenzake. Mlinzi wa mahali pale, mzee mwenye koti lililopauka mabegani, alikuja kumuuliza anatafuta nini, na Fundi akamweleza. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hapa watu huja kutupa vitu vyao kila siku," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi kutafuta ulichotupa."

Hakumcheka. Alikwenda akachukua kigoda chake, wakakaa wawili. Jumamosi haikutoa kitu. Jumapili asubuhi komeo ilifyatuka, Fundi akakimbia na magoti yake mabovu. Aliyekuwa ndani alikuwa na masikio mawili mazima. Safari hii Fundi alikiinua kizimba juu ya kichwa akaangalia tumbo. Alikuwa dume. Akamfungulia.

Jumatatu alikwenda tena, baada ya duka, mpaka jua likazama. Mlinzi alimwambia kindi aliyeletwa mahali pa ugenini hakai. Wenyeji humfukuza, naye hutafuta njia ya kurudi, na kati ya hapa na kwenu kuna mto na barabara kuu. "Usije kesho," alisema. "Si kwamba nakuchoka."

Fundi aliporudi nyumbani alikuta sanduku lina mtoto mmoja. Wa pili Mkunga alikuwa amemviringisha katika kipande cha shashi, akamweka juu ya meza.

"Amekufa saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika ishirini."

Bado alikuwa anatazama saa, kama alivyozoea. Fundi alichimba shimo karibu na wale wawili wa kwanza. Alipomaliza alirudi jikoni, akanawa, akakaa mbele ya mkewe.

"Sikumpata," alisema. "Sidhani kama nitampata. Nilikosea kumfanya hivyo, na nilikosea zaidi kukudanganya."

Mkunga alikuwa akimnywesha aliyebaki. Bomba lilikuwa na maziwa kiasi cha kijiko cha chai, na mtoto alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili.

"Mwaka wangu wa sita kazini," alisema, "alikuja mama mmoja akajifungua pacha, akaomba ruhusa akanunue sabuni. Hakurudi. Mimi ndiye niliyempa ruhusa. Wenzangu walimtukana wiki nzima. Mimi nilimtukana pia. Baada ya mwezi tukapata habari kwamba aligongwa na gari hatua chache kutoka getini, akapelekwa hospitali nyingine, akafia huko. Alikuwa na sabuni mkononi."

Fundi akauliza, "Na wale pacha?"

"Shangazi yao aliwachukua. Mmoja alikuja kujifungulia kwangu, mwaka ule ulipobadilisha milango ya duka. Sikumwambia kitu."

"Hukuwahi kuniambia habari hiyo."

"Hukuwahi kuuliza."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa amemsindikiza hadi kituo cha basi na kumpokea hapo kwa miaka thelathini na minne, na kila jioni alimuuliza kama amechoka. Hakuwahi kuuliza amefanya nini. Jioni hiyo aliuliza, na Mkunga akamweleza baadhi ya mambo, kwa mpangilio, kama anayesoma faili. Mtoto wa kindi aliposhiba alimkabidhi mumewe bomba na pamba, akamwonyesha namna ya kusugua.

"Taratibu. Hii si tupa."

Aliishi. Siku ya nane alifumbua jicho moja, siku ya tisa la pili. Fundi alitaka kumpa jina, Mkunga alikataa. Wodini, alisema, mtoto hupewa jina na wenyewe, na sisi si wenyewe. Alipoanza kutafuna vitu walimhamishia kizimbani, mlango wa kudondoka ukiwa umefungwa kwa waya, wakampa matawi, magome na mbegu zenye maganda yake ili ajifunze kuzipasua. Aling'ata kidole cha Fundi mara mbili, ya pili mpaka damu, na Mkunga akasema hiyo ni dalili nzuri.

Wiki ya saba, asubuhi yenye mawingu, walikibeba kizimba hadi juu ya paa la stoo na kukifungua. Kindi hakutoka. Wakashuka, wakaenda kunywa chai. Waliporudi alikuwa kwenye ua, kisha kwenye mti wa jirani, kisha majani yakafunika. Mkunga aliosha bomba la sindano, akalikausha, akalirudisha kabatini. Siku chache zilizofuata kindi mmoja mdogo alionekana akiokota alizeti zilizoanguka chini ya kibanda. Huenda alikuwa yeye. Alikuwa na masikio mazima kama kindi wengine wote, na alipoitwa hakugeuka.

Vita vya kibanda viliisha kimyakimya. Fundi aliling'oa bomba kwa mara ya mwisho, akalisimika pale ambapo hakuna ua, kamba, stoo wala tawi ndani ya hatua tano, akairudisha ile faneli ya bati, na kipaa akakizungushia bati laini lisiloshikika kwa kucha. Hakuna kindi aliyefika juu tena. Walikula zilizodondoka, na zilidondoka nyingi, maana njiwa wale hawakuwa na adabu mezani.

Mwezi uliofuata Bwana Posta alikuja nyuma ya nyumba, safari hii bila utani. Kulikuwa na kindi darini kwake, alisema. Walikuwa wakikimbia juu ya kichwa chake mchana kutwa na kumtafunia nyaya za taa.

"Niazime mtego wako, Fundi."

"Umepanda juu ukaangalia?"

"Niangalie nini? Nawasikia."

Fundi alichukua ngazi, tochi na sanduku la vifaa, wakaenda wote. Alipanda darini, akakaa huko kitambo, akashuka na utando wa buibui kwenye nywele.

"Kuna kiota. Watoto watano. Hawajafumbua macho."

"Sasa?"

"Sasa unasubiri wiki sita. Wakianza kutoka wenyewe nitakuja kuziba tundu, nitakuwekea bati, hawatarudi. Nyaya nitazifunika leo hii."

"Wiki sita!" Bwana Posta aligeukia ua, na ng'ambo yake Mkunga alikuwa akimwaga mtama kwenye kisahani. "Shemeji, mwambie mumeo. Wiki sita nilale na familia ya watu juu ya kichwa?"

"Ukisikia wamenyamaza siku nzima, njoo uniite," alisema Mkunga.

Fundi alikuwa amekwisha kufungua sanduku la vifaa. Alichagua koleo, akakata kipande cha bomba la plastiki, akapanda tena ngazi, na Bwana Posta, kwa kuwa hakuona la kufanya, akamshikia.